Kanieneo na Vizio Vyake: Somo kutoka Kiwanda cha Sukari cha Ruembe

Utangulizi

Katika maisha ya kila siku tunayo majina mengi ya jambo moja. Fundi wa magurudumu huuliza upepo wa tairi ni kiasi gani. Muuguzi hupima shinikizo la damu, na mgonjwa akirudi nyumbani husema kwamba ana presha. Mtabiri wa hali ya hewa hutaja mgandamizo wa hewa. Mfanyakazi wa kiwanda cha sukari hutazama mshale wa geji, akamwambia mwenzake kwamba mvuke umepanda. Wote hao wanapima kitu kimoja, ambacho katika somo la fizikia hukiita kanieneo.

Hata hivyo, kila mmoja wao hukipima kwa kizio chake. Fundi husoma paundi kwa inchi ya mraba, muuguzi milimeta za zebaki, mtabiri hektopaskali, na mwendesha mitambo bari au kilopaskali. Mwanafunzi anayejifunza kizio kimoja tu darasani, yaani paskali, hushangaa akitoka nje na kukuta dunia imejaa vizio vingine. Makala hii inakusudia kumsaidia mwanafunzi huyo na mwalimu wake. Jambo kuu tunalotaka likumbukwe ni hili: tarakimu ya kanieneo haina maana mpaka tujue mambo mawili, yaani kizio kilichotumika, na sifuri ya kipimo hicho imewekwa wapi.

Mifano yetu mingi tutaitoa Ruhembe. Hii ni kata ya Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro, iliyo kusini mwa mji wa Mikumi, chini ya milima ya Udzungwa na karibu na Mto Ruaha Mkuu. Bonde hili ni la miwa. Kampuni ya Sukari Kilombero ilianza kusaga miwa upande wa Msolwa, ng'ambo ya mto, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kiwanda cha pili, kijulikanacho kwa jina la Ruembe, kilifuata mwaka 1976. Ni vigumu kupata mahali pafaapo zaidi kwa somo hili, kwa sababu kiwanda cha sukari hutumia kanieneo kubwa kuliko ya hewa na kanieneo ndogo kuliko ya hewa chini ya paa moja.

Kani si kanieneo

Neno kanieneo limebeba maana yake ndani yake: ni kani na eneo. Lakini msomaji asidhani kwamba twazidisha kani kwa eneo. Tunagawanya. Kanieneo ni kani inayolikabili eneo fulani kwa pembemraba, ikigawanywa kwa eneo hilo:

Kanieneo = Kani ÷ Eneo

Kani hupimwa kwa nyutoni na eneo kwa meta za mraba. Kwa hiyo kizio cha kanieneo ni nyutoni kwa meta ya mraba, ambacho kimepewa jina la paskali (Pa).

Mkata miwa wa Ruhembe anaielewa kanuni hii hata kama hajapata kuiona ubaoni. Kabla ya kuingia shambani hunoa panga lake. Tuseme analishusha panga kwa kani ya nyutoni 100, na makali yake yanagusa muwa kwa urefu wa sentimeta 3. Ikiwa unene wa makali ni sehemu moja ya kumi ya milimeta, eneo linalogusa ni meta za mraba 0.000003, na kanieneo ni kama paskali milioni 33. Panga likiwa butu hata unene wa makali ukafika milimeta moja, eneo limeongezeka mara kumi, na kanieneo imeshuka hadi paskali milioni 3.3. Ili apate matokeo yale yale, mkata miwa sasa atahitaji kani mara kumi. Kunoa panga hakuongezi nguvu za mkono, kunapunguza eneo.

Mfano wa pili tuuchukue katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Tuseme tembo ana kilogramu 4,000, na kila wayo wake una eneo la meta za mraba 0.12. Uzito wake ni 4,000 × 9.8, yaani nyutoni 39,200. Nyayo zake nne zina jumla ya meta za mraba 0.48. Kwa hiyo anaikandamiza ardhi kwa kanieneo ya paskali 82,000 hivi. Sasa mtu wa kilogramu 60 aliyesimama kwa nyayo mbili zenye jumla ya meta za mraba 0.03 anaikandamiza ardhi kwa paskali 19,600. Tembo ana uzito unaozidi wa mtu huyo mara 67 hivi, lakini kanieneo yake inazidi mara nne tu. Mtu huyo huyo akivaa viatu vyenye visigino vyembamba, kisha nusu ya uzito wake ikaangukia kisigino kimoja chenye eneo la sentimeta moja ya mraba, kanieneo chini ya kisigino itakuwa karibu paskali milioni 3. Hiyo inazidi ya tembo mara thelathini na sita. Ndiyo maana sakafu ya mbao huweza kutobolewa na kiatu cha mtu mwepesi.

Ukubwa wa paskali moja

Paskali ni kizio kidogo sana. Karatasi ya kawaida ya kuandikia, ikitandazwa mezani, huikandamiza meza kwa kanieneo isiyofika paskali moja. Kwa sababu hiyo, katika kazi halisi tunatumia kilopaskali (kPa), yaani paskali 1,000, na megapaskali (MPa), yaani paskali 1,000,000. Katika habari za hali ya hewa hutumika hektopaskali (hPa), yaani paskali 100.

Jina la kizio hiki ni la heshima kwa Blaise Pascal, mwanahisabati na mwanafizikia wa Ufaransa aliyeishi kati ya mwaka 1623 na 1662. Mkutano Mkuu wa Kimataifa wa Vipimo ulilikubali rasmi mwaka 1971. Mitambo mingi, vitabu vingi na geji nyingi zilikuwa zimekwisha kutengenezwa kabla ya mwaka huo, na hiyo ni sababu mojawapo ya vizio vya zamani kuwa vingali vinatumika.

Bahari ya hewa

Sisi tunaishi chini ya bahari ya hewa. Mwitalia Evangelista Torricelli alilithibitisha jambo hili katika miaka ya 1643 na 1644. Mrija wa kioo uliozibwa upande mmoja ulijazwa zebaki, kisha ukageuzwa na mdomo wake kuwekwa ndani ya bakuli la zebaki. Zebaki haikumwagika yote. Ilishuka kidogo, ikasimama katika kimo cha milimeta 760 hivi, na juu yake pakabaki ombwe. Kilichoizuia ni hewa iliyokuwa ikikandamiza zebaki ya bakuli.

Pascal alitoa hoja kwamba ikiwa ni hewa inayoibeba zebaki, basi mlimani, ambako hewa iliyobaki juu yetu ni kidogo, zebaki itasimama chini zaidi. Tarehe 19 Septemba 1648 shemeji yake, Florin Périer, alipanda mlima wa Puy de Dôme nchini Ufaransa akiwa na mrija wa namna hiyo. Zebaki ilishuka kama ilivyotabiriwa.

Msafiri wa barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Mikumi na mteremko wa Kitonga hadi Iringa hufanya jaribio la Périer bila kujua. Usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni karibu kPa 101. Ruhembe, kiasi cha meta 300 juu ya usawa wa bahari, ni karibu kPa 98. Iringa mjini, kiasi cha meta 1,600, ni karibu kPa 84. Kwa sababu hiyo maji ya Iringa huchemka yakifika nyuzi 95 hivi za Selsiasi, si nyuzi 100, na maharage huchelewa kuiva.

Kilopaskali 98 ni nyingi kiasi gani? Juu ya meza yenye eneo la meta moja ya mraba, hewa ya Ruhembe inakandamiza kwa kani ya nyutoni 98,000, ambayo ni sawa na uzito wa tani kumi. Meza haivunjiki kwa sababu hewa iliyo chini yake inaisukuma juu kwa kani hiyo hiyo. Kanieneo ya hewa au kimiminika katika nukta moja huelekea pande zote. Hatuihisi mpaka iwe imeondolewa upande mmoja.

Vizio vinavyotumika

Vizio vya kanieneo vyaweza kugawanywa katika jamii tatu. Jamii ya kwanza ni vile vinavyotokana na kani na eneo, kama paskali na paundi kwa inchi ya mraba. Jamii ya pili ni vile vinavyopima kimo cha kimiminika, kama milimeta za zebaki na meta za maji. Jamii ya tatu ni vile vinavyolinganishwa na hewa yenyewe, kama atmosfia na bari. Thamani zake ni hizi:

Kilopaskali 1 (kPa) = Pa 1,000
Megapaskali 1 (MPa) = Pa 1,000,000
Bari 1 (bar) = Pa 100,000
Atmosfia 1 sanifu (atm) = Pa 101,325
Kani ya kilogramu 1 kwa sentimeta ya mraba (kgf/cm²) = Pa 98,070 hivi
Paundi 1 kwa inchi ya mraba (psi) = Pa 6,895 hivi
Milimeta 1 ya zebaki (mmHg) = Pa 133.3 hivi
Meta 1 ya maji = Pa 9,800 hivi

Msomaji ataona kwamba bari, atmosfia, na kilogramu kwa sentimeta ya mraba zinakaribiana sana. Kwa makadirio ya haraka zote tatu ni kama kPa 100. Paundi kwa inchi ya mraba iko mbali nazo: bari moja ni psi 14.5.

Swali muhimu: sifuri iko wapi?

Tairi la gari likipasuka, geji husoma sifuri. Je, ndani ya tairi hamna hewa? Imo, nayo ina kanieneo sawa na ya hewa ya nje. Geji ya kawaida haipimi kanieneo yote. Hupima tofauti kati ya ndani na nje. Hiyo huitwa kanieneo ya geji. Kanieneo inayohesabiwa tangu ombwe tupu huitwa kanieneo kamili. Uhusiano wake ni huu:

Kanieneo kamili = Kanieneo ya geji + Kanieneo ya hewa ya mahali

Shinikizo la damu nalo ni kanieneo ya geji. Mtu akiambiwa kwamba amepimwa 120 kwa 80, maana yake ni milimeta 120 na 80 za zebaki juu ya kanieneo ya hewa ya chumba alimo.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Tuseme tairi la lori limejazwa hewa Ruhembe mpaka geji ikasoma kPa 700. Kanieneo kamili ni 700 + 98, yaani kPa 798. Lori likipanda mpaka Iringa, na kama halijoto na ujazo wa tairi havikubadilika, geji itasoma 798 toa 84, yaani kPa 714. Hakuna aliyeongeza upepo. Ni hewa ya nje iliyopungua.

Ndani ya kiwanda cha sukari

Sasa tuifuate miwa tangu inapoingia kiwandani. Inakatwakatwa, kisha inapitishwa kati ya rola nzito za chuma ili ikamuliwe. Rola ya juu husukumwa chini na pistoni za mafuta, na hapo ndipo inapotumika kanuni ya Pascal: kanieneo inayotiwa mahali pamoja katika kimiminika kilichofungwa huenea yote pande zote za kimiminika hicho. Tuchukue pistoni yenye kipenyo cha sentimeta 30. Eneo lake ni meta za mraba 0.07. Mafuta yakiwa na kanieneo ya MPa 20, pistoni itasukuma kwa kani ya nyutoni milioni 1.4, sawa na uzito wa tani 140 na zaidi. Pampu inayoyasukuma mafuta hayo yaweza kuwa ndogo, kwa sababu kinachosafirishwa ni kanieneo, si kani.

Makapi ya miwa iliyokamuliwa huchomwa katika tanuri la boila ili kuchemsha maji. Kwa kuwa boila limefungwa, mvuke hauna pa kupanukia na kanieneo hupanda. Kadiri kanieneo inavyopanda, ndivyo maji yanavyohitaji joto zaidi ili yachemke. Kanieneo kamili ikifika MPa 2, ambayo ni bari 20, maji huchemka kwenye nyuzi 212 za Selsiasi. Mvuke huo huzungusha mitambo ya umeme na ya kukamulia. Ukitoka huko, ukiwa umepungua kanieneo, hutumiwa tena kupasha moto maji ya miwa.

Hapa tunafika kwenye sehemu ya kiwanda iliyo kinyume cha boila. Maji ya miwa lazima yapunguzwe maji mpaka yawe mazito, kisha fuwele za sukari zitokee. Lakini sukari ikichemshwa kwa muda mrefu katika joto kubwa hugeuka rangi, na sehemu yake huharibika. Mama yeyote aliyepata kuunguza sukari katika sufuria anajua. Mwaka 1813 mkemia Mwingereza Edward Charles Howard alipewa hataza ya dawa ya tatizo hili. Alichemshia sharubati ndani ya sufuria iliyofungwa, ambayo hewa na mvuke wake vilikuwa vikiondolewa kwa pampu. Kanieneo ikishuka, joto la kuchemkia nalo hushuka. Kwa kanieneo kamili ya kPa 15, maji huchemka kwenye nyuzi 54. Sharubati nzito huhitaji nyuzi kadhaa zaidi ya hizo, lakini hubaki mbali na joto la kuunguza.

Miaka thelathini baadaye, mwaka 1843, Norbert Rillieux alipata hataza ya hatua nyingine. Huyu alizaliwa New Orleans mwaka 1806, akiwa mtu huru mwenye asili ya Kiafrika katika Marekani iliyokuwa bado na utumwa, na alisomea uhandisi Ufaransa. Alipanga vyombo vya kuchemshia kwa mfululizo, kila kimoja kikiwa na kanieneo ndogo kuliko kilichotangulia. Mvuke unaotoka katika chombo cha kwanza hukichemsha cha pili, na wa cha pili hukichemsha cha tatu. Kwa kuwa joto la kuchemkia linashuka hatua kwa hatua pamoja na kanieneo, moto mmoja hufanya kazi mara kadhaa. Mpangilio huu umeenea katika viwanda vya sukari duniani kote.

Geji za sehemu hii ya kiwanda zinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa nyingi husoma ombwe, yaani kiasi ambacho kanieneo imeshuka chini ya ile ya hewa. Geji ya Ruhembe ikisoma ombwe la kPa 83, kanieneo kamili ni 98 toa 83, yaani kPa 15, na maji huchemka kwenye nyuzi 54. Geji ya kiwanda kilicho pwani ikisoma ombwe hilo hilo, kanieneo kamili ni 101 toa 83, yaani kPa 18, na maji huchemka karibu na nyuzi 58. Geji mbili zinasema neno moja, lakini hali za ndani ni mbili. Katika boila la kPa 2,000, tofauti ya kPa 3 ni kama tone baharini. Katika sufuria ya ombwe ni sehemu moja ya tano.

Mvuke unaotoka katika sufuria hizo mara nyingi hupozwa kwa maji ndani ya chombo kilichoinuliwa juu sana, nalo bomba lake huteremka wima mpaka katika bwawa dogo lililo chini. Kwa nini kiinuliwe hivyo? Kwa sababu hewa ya nje hujaribu kuyasukuma maji ya bwawa yapande bombani, kama ilivyosukuma zebaki ya Torricelli. Kanieneo ya kPa 98 hubeba maji kufikia kimo cha meta 10. Bomba likiwa refu kuliko kimo hicho, maji ya chini hayawezi kufika ndani ya chombo, na maji ya juu huteremka yenyewe bila pampu. Kwa sababu hiyo hiyo, pampu ya kisima inayovuta maji kutoka juu haiwezi kuyavuta kutoka kina kinachozidi meta 10 Ruhembe, wala meta 8.5 Iringa. Kwa vitendo hufikia kina kidogo zaidi. Kisima kikiwa kirefu, pampu lazima ishushwe chini ili isukume badala ya kuvuta.

Maji ya Kidatu

Jirani na bonde hili upo mtambo wa umeme wa Kidatu katika Mto Ruaha Mkuu. Awamu yake ya kwanza ilianza kazi mwaka 1975, na awamu ya pili ilipokamilika mwaka 1980 uwezo wake ulifikia megawati 204. Maji hushuka kimo cha takriban meta 175 kabla ya kufika kwenye mitambo. Kila meta ya maji huongeza Pa 9,800, kwa hiyo kanieneo ya maji yaliyotulia chini ya kimo hicho ni 175 × 9,800, yaani Pa 1,715,000, au bari 17 hivi. Hesabu hii haikuuliza bwawa ni pana kiasi gani. Kanieneo ya maji hutegemea kina chake, si wingi wake. Tangi dogo lililowekwa juu ya mnara hutoa maji kwa nguvu kuliko bwawa pana lililo sawa na ardhi.

Tarakimu isiyo na kizio ni hatari

Tarehe 23 Mei 2024, katika kiwanda cha sukari cha Mtibwa kilichoko Wilaya ya Mvomero, mkoa huo huo wa Morogoro, mtambo wa mvuke ulipasuka na wafanyakazi 11 walipoteza maisha. Makala hii haichunguzi chanzo cha ajali hiyo. Tunaitaja ili msomaji atambue kwamba somo hili linahusu uhai wa watu.

Kwa nini mvuke ni hatari kiasi hicho? Kwanza, kwa sababu ya kani. Mfuniko wenye eneo la meta za mraba 0.1, ukizuia kanieneo ya MPa 2, unasukumwa kwa nyutoni 200,000, sawa na uzito wa tani ishirini. Pili, kwa sababu ya joto lililohifadhiwa. Maji yaliyo katika nyuzi 212 hubaki maji kwa sababu tu yanakandamizwa. Yakifunguliwa ghafla, sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo, na kila lita ya maji inayogeuka mvuke katika kanieneo ya kawaida ya hewa huchukua nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Ndiyo maana maboila hujaribiwa uimara kwa maji baridi. Maji baridi hayashindiliki kwa urahisi na hayahifadhi nishati nyingi, hivyo chuma kikipasuka wakati wa jaribio madhara huwa madogo.

Sasa tufikirie kosa linaloweza kutokea popote. Fundi ana vali iliyoandikwa kwamba mwisho wake ni 200. Geji ya bomba inasoma 16. Akilinganisha tarakimu tu, ataona kwamba 16 ni ndogo sana kuliko 200, naye ataifunga vali hiyo kwa moyo mkunjufu. Lakini 200 ile ni ya psi, na 16 hii ni ya bari. Bari 16 ni psi 232. Vali imezidiwa kabla kazi haijaanza. Hesabu ya kuligundua kosa hilo ni ya mstari mmoja, na mwanafunzi wa Kidato cha Pili anaimudu.

Kwa hiyo mwalimu anapokata alama kwa sababu jibu halina kizio, haonei mtu. Anamfundisha mwanafunzi wake tabia itakayomlinda yeye na wenzake siku atakaposimama mbele ya geji ya kweli. Mbele ya geji yoyote, ajiulize maswali matatu: Kizio ni kipi? Sifuri iko wapi? Na mwisho unaoruhusiwa ni upi, kwa kizio hicho hicho?

Jaribio la darasani

Vifaa: mpira mwembamba unaopitisha mwanga wenye urefu wa meta 2, ubao, misumari, rula, maji, na rangi kidogo.

Pinda mpira uwe na umbo la herufi U, uufunge ubaoni, na umimine maji yenye rangi mpaka yafikie nusu ya kila upande. Pande zote mbili zikiwa wazi, maji yatalingana. Hiyo ndiyo sifuri ya geji. Mwanafunzi apulize upande mmoja polepole na mwenzake apime tofauti ya vimo kwa sentimeta. Kila sentimeta ni Pa 98. Tofauti ikiwa sentimeta 40, kanieneo ya pumzi ni Pa 3,920 juu ya ile ya hewa. Kisha avute badala ya kupuliza, naye ataona ombwe likipimwa kwa chombo kile kile. Kwa ajili ya afya, kila mwanafunzi atumie kipande chake cha mrija mdomoni.

Maswali

1. Ndoo yenye lita 20 za maji ina kitako cha meta za mraba 0.05. Bila kuhesabu uzito wa ndoo, kanieneo chini yake ni kiasi gani?
2. Tairi la gari dogo lina psi 32. Zigeuze ziwe kPa.
3. Geuza shinikizo la damu la 120 kwa 80 liwe katika kPa.
4. Tangi limewekwa meta 6 juu ya bomba la shule. Kanieneo ya geji kwenye bomba lililofungwa ni kiasi gani?
5. Geji ya ombwe inasoma kPa 70 Ruhembe. Kanieneo kamili ni kiasi gani? Je, kanieneo kamili hiyo hiyo ikiwekwa Iringa, geji itasoma ngapi?

Majibu: (1) Pa 3,920. (2) kPa 221 hivi. (3) kPa 16.0 kwa 10.7. (4) kPa 58.8. (5) kPa 28. Geji ya Iringa itasoma ombwe la kPa 56.